Fedha za Wanafunzi Wasio na Makazi Marekani: Namna Jumuiya Zetu Zinavyoweza Kuzidai Shuleni

Mwongozo huu ni wa wazazi, wachungaji, maimamu, wakalimani na viongozi wa jumuiya zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, iwe uko Dallas, Louisville, Columbus, Phoenix au Portland ya Maine. Sheria ya nchi hii inazitaka shule za umma zimsaidie mwanafunzi asiye na makazi, na fedha za kazi hiyo zipo; zikitumika vizuri humkinga pia mtoto na biashara haramu ya binadamu. Tatizo ni kwamba fedha hizo hazimfikii mtoto mpaka ahesabiwe, na zikishatengwa hutumika vizuri pale tu panapokuwa na mtu mzima anayeuliza zimekwenda wapi.

Kwa nini nazungumzia makazi na biashara haramu ya binadamu kwa pamoja? Chuo Kikuu cha Loyola cha New Orleans, kikishirikiana na vituo vya kuhifadhi vijana vya Covenant House, kiliwahoji vijana 641 wasio na makazi katika miji 10 ya Marekani na Kanada. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa ameshanaswa katika biashara hiyo, ama kwa kuuzwa kingono ama kwa kufanyishwa kazi kwa kulazimishwa au kudanganywa. Ukitazama namna inavyotokea, huoni jambo la ajabu. Binti wa miaka 16 analala kwenye kochi la watu, simu yake imekatwa, nauli hana. Anatokea mtu mwenye gari, chumba na maneno matamu. Mkono mtupu haulambwi, na mtu huyu haji mkono mtupu. Anampa kitanda leo, baada ya wiki mbili anamwambia ana deni. Mtoto anaweza kuuzwa hivyo bila hata kutolewa mtaani kwao, na huku bado anakwenda shule.

Ndiyo maana fedha za shule ni kinga. Shule ikimpa mtoto usafiri, chakula, simu ya mtu mzima wa kumpigia na mahali pa kukaa saa za jioni, yule mwenye gari anabaki na machache ya kumpa.

Hatua ya 1: Jua nani anahesabika

Sheria inayohusika inaitwa McKinney-Vento. Ilitiwa saini mwaka 1987 na ikaboreshwa mwaka 2015, na ina majina ya wabunge wawili, Stewart McKinney wa Republican na Bruce Vento wa Democratic. Inasema mwanafunzi asiye na makazi ni yule asiye na mahali pa kulala palipo pa kudumu, pa uhakika na panapofaa. Wanaolala kwenye shelta, moteli, gari, bustani au kituo cha basi wanaeleweka upesi. Lakini sheria inawataja pia wanaoishi kwa watu wengine kwa sababu wamepoteza nyumba au wameishiwa fedha. Kundi hili ndilo kubwa kuliko yote. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 shule za umma ziliwatambua wanafunzi zaidi ya milioni 1.3 wasio na makazi, na takriban robo tatu yao walikuwa wanaishi hivyo, kwa watu.

Hapa ndipo watoto wetu wanapopotea kwenye hesabu. Familia iliyofika kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma ilipata huduma za mapokezi kwa siku 90 hivi. Baadaye saa za kazi zinapunguzwa kiwandani, kodi inashindikana, familia inahamia apatimenti ya vyumba viwili iliyokwishakaliwa na watu sita. Fomu ya shule inapouliza mnaishi wapi, baba anaandika anwani ya mwenyeji wake na kunyamaza. Kwetu kumpokea ndugu ni jambo la heshima, na kusema mbele ya watu kwamba huna kwako ni aibu. Naielewa aibu hiyo. Lakini swali la sheria haligusi heshima ya familia yako. Linauliza hivi: mko pale kwa sababu mlichagua kuishi pamoja, au kwa sababu hamkuwa na pa kwenda? Je, mwenyeji akibadilisha mawazo Ijumaa, Jumamosi mtalala wapi? Kama jibu ni kwamba hamkuwa na pengine, mtoto anahesabika.

Wapo pia watoto wasio na mzazi wala mlezi wa kisheria karibu. Kijana amegombana na baba wa kambo akaondoka, sasa anazunguka kwa marafiki. Au amefika nchini akiwa na mjomba, mjomba akahamia jimbo jingine kutafuta kazi, yeye akabaki. Hawa ndio nawaogopea zaidi, na sheria imewapa ulinzi wa pekee: shule hairuhusiwi kukataa kumwandikisha kijana wa namna hii asiye na makazi eti kwa sababu hana mzazi wa kuweka saini.

Hatua ya 2: Mtafute afisa wa McKinney-Vento wa wilaya yenu

Kila wilaya ya shule Marekani, kubwa au ndogo, lazima iwe na mtu aliyeteuliwa kushughulikia wanafunzi wasio na makazi. Mara nyingi ana kazi nyingine tatu juu ya hiyo. Piga simu ofisi kuu ya wilaya, si ya shule, sema maneno mawili tu: "McKinney-Vento". Jina lake linapaswa kuwepo pia kwenye tovuti ya wilaya.

Omba mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, kwa hiyo ukalimani ni wajibu wao na hulipii chochote. Usikubali mtoto wako akutafsirie mazungumzo haya. Kuna mambo ambayo mtoto hatayasema akiwa amekaa katikati ya mama yake na mwalimu.

Mkikutana, muulize afisa maswali haya, na uandike majibu na tarehe:

- Mwaka huu mmewatambua wanafunzi wangapi wasio na makazi? Wangapi kati yao hawako na mzazi wala mlezi?
- Wangapi wanazungumza Kiswahili nyumbani?
- Wilaya imetenga kiasi gani cha fedha za Title I (fungu la shirikisho kwa watoto wa familia maskini) kwa ajili yao, na kiasi hicho kilipatikanaje?
- Je, mna ruzuku ya McKinney-Vento kutoka jimboni? Kama hamna, mliiomba lini mara ya mwisho?
- Wewe mwenyewe una saa ngapi kwa wiki za kazi hii?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linaloeleza mengi. Wilaya yenye mamia ya watoto wa namna hii na afisa wa saa nne kwa wiki ina watoto wengi isiowaona.

Hatua ya 3: Saidia watoto wahesabiwe

Shule nyingi hutoa fomu ya makazi mwanzoni mwa mwaka. California imeifanya lazima kila mwaka kwa sheria ya mwaka 2021. Omba fomu hiyo iwe kwa Kiswahili, na kama tafsiri yao haieleweki, jitoleeni kuisahihisha. Nimeona fomu ambazo mzazi wa Bukavu au Tanga angezisoma mara tatu bila kujua anaulizwa nini. Kisha iletwe mahali watu walipo: kanisani baada ya ibada, msikitini, kwenye chama cha akina mama, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika.

Watu watauliza kuhusu uhamiaji. Waambie wazi: mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliamua kuwa shule ya umma haiwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Fomu ya makazi haihitaji namba ya hifadhi ya jamii wala karatasi za uhamiaji. Na McKinney-Vento inasema habari za makazi ya mtoto ni kumbukumbu za siri za mwanafunzi, hazitolewi ovyo kwa mwenye nyumba wala kwa mtu mwingine. Hili la mwenye nyumba lisisitize, kwa sababu wengi huogopa kwamba mwenyeji wao atafukuzwa kwa kuzidisha watu.

Mtoto akishatambuliwa ana haki ya kuandikishwa papo hapo hata bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo au uthibitisho wa anwani. Ana haki ya kubaki katika shule aliyokuwa akisoma kabla ya kupoteza makazi, ikiwa hilo ndilo lenye manufaa kwake, na kusafirishwa hadi huko. Anapata chakula cha shule bure bila familia kujaza fomu ya kipato. Shule ikikataa, dai kukataa huko kwa maandishi na uombe rufaa. Wakati rufaa inaendelea mtoto hukaa darasani.

Hatua ya 4: Zijue fedha zilipo

Watu wengi hudhani kuna mfuko mmoja mkubwa. Hakuna. Kuna mafungu kadhaa, na ni lazima ujue lipi la kuligusa.

Fungu lenye jina la McKinney-Vento ni dogo. Mwaka 2024 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 129 kwa nchi nzima. Ukigawa kwa watoto waliotambuliwa, haifiki dola 100 kwa mtoto kwa mwaka. Fedha hizi huenda kwanza jimboni, na jimbo huzigawa kwa wilaya kwa ushindani, kwa vipindi visivyozidi miaka mitatu. Wilaya nyingi hazipati, na nyingine haziombi kabisa kwa sababu hesabu yao ya watoto ni ndogo mno kuweza kuonyesha mahitaji. Ndiyo sababu Hatua ya 3 inatangulia hii.

Mwaka 2021, wakati wa janga la korona, Bunge lilitoa dola milioni 800 za mara moja kwa wanafunzi hawa. Shule ziliajiri watu, zikanunua kadi za mafuta na kulipia siku za moteli katika dharura. Muda wa kuzipangia matumizi kwa mkataba uliisha Septemba 2024. Kama wilaya yenu ilikuwa na mhudumu wa familia ambaye sasa haonekani, huenda alilipwa na fedha hizo, na ni halali kuuliza nani ameshika kazi yake.

Fungu ambalo ningekushauri ulikazanie ni Title I. Hizi ni fedha za shirikisho kwa ajili ya watoto wa familia maskini, na karibu kila wilaya inazo. Sheria inailazimisha wilaya inayozipokea kutenga sehemu kwa wanafunzi wasio na makazi kabla ya kuzigawa shuleni. Mwanafunzi huyo anastahili hata kama shule anayosoma haipokei Title I. Sheria haikutaja asilimia. Inasema kiasi kitokane na mahitaji. Hapo ndipo uzembe unapoingia, kwa sababu wilaya nyingine hunakili tarakimu ya mwaka uliopita bila kufikiri.

Tuseme wilaya yako imetenga dola 10,000 na ina watoto 150 waliotambuliwa. Hiyo ni takriban dola 67 kwa mtoto kwa mwaka mzima: jozi moja ya viatu na begi. Sasa uliza wilaya hiyo hiyo inatumia dola ngapi za Title I kwa kila mtoto maskini wa kawaida. Ukiambiwa ni mara kadhaa ya hapo, umeshapata hoja yako, na haihitaji kelele.

Title I inaweza kulipia mshahara wa afisa wa McKinney-Vento, usafiri wa kwenda shule aliyokuwa akisoma kabla ya kupoteza makazi, mavazi, cheti cha kuzaliwa, miwani, ada za mitihani, masomo ya ziada na ushauri nasaha. Haiwezi kulipa kodi ya nyumba. Usiwaahidi watu hilo.

Fungu jingine la shirikisho, Title IV-A, nalo linaruhusu wazi kuwafundisha wafanyakazi wa shule kuitambua biashara ya binadamu. Mkuu wa shule akisema hana fedha za mafunzo hayo, mtajie fungu hili kwa jina. Kuna pia sheria yenye jina la Frederick Douglass, iliyosainiwa Januari 2019, ambayo chini yake Wizara ya Afya na Huduma za Jamii imewahi kuzipa wilaya za shule ruzuku za kuelimisha wanafunzi na walimu juu ya biashara hii, kwa sharti la kushirikiana na shirika lisilo la kiserikali. Ruzuku za namna hii hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo mwombe afisa aangalie kama dirisha liko wazi. Jumuiya yenu ikiwa na shirika lililosajiliwa, linaweza kujitokeza kuwa mshirika katika ombi.

Majimbo nayo yana mafungu yake. Jimbo la Washington lilianzisha mfuko wake wa wanafunzi wasio na makazi mwaka 2016. Texas inamhesabu mwanafunzi asiye na makazi kati ya walio katika hatari ya kuacha shule, na hivyo fedha za jimbo za kuwainua wanafunzi hao zinamhusu. Kila jimbo lina mratibu wa McKinney-Vento katika idara yake ya elimu. Mwandikie barua pepe fupi umuulize mafungu ya jimbo lenu.

Na lipo la kuangalia Washington, mji mkuu wa nchi. Pendekezo la bajeti la Ikulu la mwaka 2025 lilitaka fungu la McKinney-Vento lichanganywe na mengine kadhaa katika kapu moja. Kapu likiwa moja, mtoto asiye na sauti hugawiwa mwisho. Hata asiyepiga kura ana haki ya kumpigia simu mbunge wa eneo lake.

Hatua ya 5: Omba vitu vinavyofunga njia ya mhalifu

Usiende kuomba "msaada". Omba vitu vyenye majina. Mimi ningevipanga hivi, kwa kuanzia na kilicho muhimu zaidi.

Cha kwanza ni mtu. Mhudumu mmoja anayejua Kiswahili, mwenye simu ya kazi, anayewatembelea watoto moteli na majumbani, na ambaye kijana anaweza kumwandikia ujumbe saa mbili usiku. Kila kitu kingine kinategemea kama mtoto ana mtu mzima anayemwamini shuleni. Wilaya ikisema haiwezi kumlipa mhudumu wa muda wote, omba wa nusu muda.

Cha pili ni usafiri. Kijana anayekosa basi la saa 12 asubuhi kwa sababu amehamishwa mara ya tatu ndiye anayekubali lifti. Wilaya inaweza kutumia basi, teksi yenye mkataba, tiketi za usafiri wa umma au kadi ya mafuta kwa mzazi. Kama amelala upande wa wilaya nyingine, wilaya mbili hugawana gharama, na zisipoelewana hulipa nusu kwa nusu. Msikubali mtoto asubiri wiki mbili wakati wakubwa wanaandikiana barua.

Cha tatu ni saa zile ambazo shule imefungwa: jioni, wikiendi, na likizo ndefu ya kiangazi. Programu za jioni zenye chakula, vikapu vya chakula vya Ijumaa, na masomo ya kiangazi yenye usafiri. Bodi ya wilaya ya shule hufurahia kulipia kompyuta, lakini hatari huwa kubwa kuanzia kengele ya mwisho.

Kisha vije vitu vidogo ambavyo wahalifu huvitumia kama chambo: muda wa maongezi na data, taulo za kike, sabuni, kufua nguo, koti la baridi. Na kwa walio darasa la 11 na 12, barua ya afisa inayothibitisha kuwa kijana hana makazi na yuko peke yake. Kwa barua hiyo anajaza fomu ya FAFSA ya msaada wa chuo kama mtu anayejitegemea, bila saini ya mzazi. Kijana anayeona chuo mbele yake ana sababu ya kumkataa anayemwahidi "kazi nzuri" jimbo jingine.

Mafunzo ya wafanyakazi yasiishie kwa walimu. Dereva wa basi humwona anayekuja kumchukua mtoto. Mpishi humwona anayeficha chakula mfukoni. Wafundishwe dalili: simu ya pili isiyojulikana ilikotoka, kadi za vyumba vya hoteli, usingizi wa kila siku darasani, mtu mzima "rafiki" anayemjibia maswali, kazi ambayo mshahara wake unashikwa na mwingine.

Hatua ya 6: Simama mbele ya bodi ya shule

Katika majimbo mengi mwaka wa fedha wa shule huanza Julai 1, kwa hiyo bajeti huiva kati ya Machi na Juni. Ukija Septemba umekuta sahani zimeoshwa. Vikao vya bodi ni vya wazi na mwananchi hupewa muda wa kusema, mara nyingi dakika mbili au tatu. Jiandikishe mapema, omba mkalimani, na uje na watu. Msisimulie kisa cha mtoto anayetambulika, hata kama mzazi ameridhia, maana kikao hurekodiwa na video hubaki.

Unaweza kusema hivi:

"Waheshimiwa wajumbe wa bodi, mimi ni mzazi na kiongozi wa jumuiya yetu. Wilaya imetambua wanafunzi 150 wasio na makazi. Imewatengea dola 10,000 za Title I, yaani dola 67 kwa kila mmoja. Tunaomba mambo matatu katika bajeti ijayo: mhudumu mmoja anayezungumza Kiswahili, usafiri unaoanza ndani ya siku chache baada ya mtoto kutambuliwa, na mafunzo ya kutambua biashara ya binadamu kwa madereva, wapishi na walimu, yalipiwe na Title IV-A. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla bajeti haijapitishwa."

Weka tarakimu za kwenu. Mpe katibu wa bodi nakala.

Hatua ya 7: Ukihisi mtoto ameshanaswa

Usisubiri bajeti. Kama hatari ipo sasa hivi, piga 911. Namba ya kitaifa ya biashara ya binadamu ni 1-888-373-7888, inafanya kazi saa 24, na unaweza kuomba mkalimani. Kijana aliyetoroka au anayefikiria kutoroka anaweza kupiga 1-800-786-2929. Usimkabili mtuhumiwa mwenyewe, wala usiitishe kikao cha wazee ili "kuyamaliza nyumbani". Kikao hicho humpa mhalifu muda wa kumhamisha mtoto.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inasema aliye chini ya miaka 18 akitumiwa katika biashara ya ngono ni mwathirika, hata kama hakupigwa wala kufungiwa. Mwambie hivyo, kwa sauti ya upole, kabla ya swali lolote. Kama si raia, yapo msaada na visa ya T kwa waathirika, na walio chini ya miaka 18 hawalazimiki kushirikiana na polisi ili kustahili visa hiyo. Mpeleke kwa mwanasheria wa uhamiaji, si kwa mjaza fomu wa mtaani.

Hatua ya 8: Rudi kuuliza

Januari, katikati ya mwaka wa masomo, mwombe afisa wa McKinney-Vento taarifa ya matumizi: kiasi kilichotengwa, kilichotumika na kilichobaki. Fedha zikiwa zimekaa bila kuguswa hadi Machi, orodhesheni mahitaji ya watoto wakati huo huo na mpelekee, kwa sababu fedha zisizotumika huwa ndiyo sababu ya kupunguza fungu la mwaka unaofuata. Linganisha pia idadi ya watoto waliotambuliwa na ile uliyoiandika mkutano wa kwanza. Ikiwa idadi ya wanaozungumza Kiswahili imebaki sifuri katika mji ambao nyote mnajua hali ilivyo, rudini kwenye fomu ya makazi na kuanza tena na familia moja moja.